Asubuhi ya Kumuua Pindo

Mngurumo ulitoka chini ya meza ya kukatia vitambaa, mzito, wa koo lililokauka, na cherehani ikanyamaza. Kisha yakaonekana meno.

"Unamsikia?" shemeji wa fundi akasema mlangoni, bomba la chuma mkononi. "Huyo si mbwa tena, shemeji. Hiyo ni kesi."

Fundi akauondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa suti, mtu ambaye hata mafundi wenzake waliugeuza mshono wake ndani nje wakitafuta kosa na kulikosa. Hakuzoea kuelezwa jambo ndani ya chumba chake cha kazi. Lakini leo alimwacha aseme. Jana mke wake alimpapasa Pindo shingoni, kama alivyompapasa tangu akiwa kitoto cha kubebwa kwenye kapu la vitambaa, na Pindo akamrarua kiganja. Wakaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, wakakimbilia zahanati. Sasa mke alikaa kwenye kiti cha wateja, bandeji hadi kifundo cha mkono, hataki kumtazama mbwa wala mume. Neno lilikuwa limeshapita: daktari wa mifugo akija, Pindo achomwe sindano ya mwisho.

Daktari akaja, mwanamke mfupi wa buti za mpira. Akaweka mkoba mbali na meza.

"Amechanjwa?"

Fundi akatoa kadi. Chanjo ya kichaa ilikuwa ya mwaka huu.

"Anakunywa maji?"

"Maji anakunywa. Chakula, wiki ya pili hii, anakinusa tu."

"Ukali ulianza lini?"

"Siku aliyozaliwa," shemeji akadakia. "Mbwa huyu anamjua mtu mmoja duniani. Sisi wengine ni mifupa inayotembea."

"Kaka, mwache mtu ajibu," mke akasema.

"Kama mwezi," fundi akasema. "Kwanza alikataa kubebwa, kisha kuguswa kichwa. Nikadhani ni utu uzima, anajitia ubwana."

Daktari akachuchumaa. Akanyoosha mkono kuelekea mkia, Pindo kimya. Akauelekeza shingoni, meno yakatoka yote.

"Anachagua mahali," akasema. "Kuna kinachomuuma hapo. Na kuna kinachooza, nakisikia harufu. Mshike kichwa. Atakukubali wewe tu."

Fundi akatambaa chini ya meza, jasho likimwingia machoni. Akamfunga mdomo kwa ukanda wa kitambaa, akakikumbatia kichwa kile kilichokuwa kikitetemeka. Sindano ya usingizi ikaingia pajani. Pindo akajikaza kama uta, akalegea.

Vidole vya daktari vikatenganisha manyoya. Chini yake nyama ilikuwa mbichi, na ndani ya nyama mlipita mstari wa uzi wa buluu.

"Mtu amemfunga mbwa huyu," akasema taratibu.

"Watoto wa mtaa," shemeji akasema. "Nani mwingine?"

Mlango wa uongo ukawa wazi hivyo, na mwenye kuufungua hakujua amefungua nini. Fundi aliutazama ule mstari. Nani asingeutambua uzi wake mwenyewe? Pindo alipokuwa mdogo alikuwa akijivua kila mkanda wa shingo. Fundi akacheka, akasema kishikizo ni cha asiyejua kushona, akaushona mkanda ukiwa shingoni, mistari mitatu, akajigamba kwa wateja. Manyoya yakaota, yakauficha, naye akausahau. Kila suti aliyoshona aliiachia kitambaa cha akiba, ipanuliwe mwenye suti akinenepa. Mbwa wake hakumwachia hata nafasi ya kidole.

"Ni mimi," akasema. "Nilimshona."

Mke aligeuza uso, akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Nipe wembe nikate, daktari. Najua uzi ulikopita."

"Wembe utazame juu. Mshipa mkubwa uko chini hapo. Ukiteleza, utakuwa umefanya kile nilichoitiwa."

Fundi akaushika wembe kama anayekata hariri. Akafumua mstari wa kwanza. Wa pili. Damu ikachuruzika, akangoja, daktari akapangusa, akaendelea. Wa tatu ulikuwa umezama kabisa, akaufuata kwa ncha ya kidole. Mkanda ukaachia kwa sauti ndogo ya kunata, na Pindo akavuta pumzi ndefu usingizini.

Shemeji akatoka nje na bomba lake.

"Jeraha litapona," daktari akasema akinawa mikono. "Hofu itachelewa. Mwili wake umejifunza kwamba mkono ni maumivu, na anaweza kuuma tena. Nyumba ni yenu. Ile sindano nyingine bado ninayo."

Fundi akamgeukia mkewe.

"Nilimgusa kwa mapenzi," mke akasema polepole. "Akanirarua kwa kosa lako. Nawe ukakubali auawe, hukumtazama hata shingo."

"Ni kweli."

"Basi sema utafanya nini. Nisikie mimi, na daktari asikie."

Fundi akapiga magoti pale pale, viganja vyekundu.

"Nitamwosha mwenyewe, mdomo umefungwa, asubuhi na jioni. Hutakaa naye chumba kimoja mimi nisiposhika kamba, hata ikikuchukua mwaka kumwamini. Na akikungurumia tena, sitamsingizia ubwana. Nitamwita daktari siku hiyo hiyo. Nakuahidi, mke wangu."