Mbuzi Walionyolewa Mapema

Mwaka ule baridi iliondoka mapema mno, na hapo ndipo watu walipopaswa kushtuka. Huko Semonkong, kwenye milima ya Lesotho, Septemba ni mwezi wa kuamka ukakuta maji ya ndoo yameganda. Lakini safari hii mipichi ilikuwa imeshatoa maua na kuyapukutisha, na vipichi vya kijani vilikuwa vimeshashika. Redio ilisema majira ya kuchipua yatakuwa na joto kupita kawaida. Wanawake wakafua mablanketi, wakayaanika kwenye kuta za mawe. Milima ikatazamwa kama ng'ombe mkali aliyezeeka.

Makhopotso alikuwa wa kwanza kupeleka mbuzi wake kwenye banda la kunyolea. Mjane huyu alikuwa na haraka zake. Mumewe alipofariki, ukoo ulitaka wale mbuzi wa manyoya marefu waingie zizi la Sekake, kaka mkubwa wa marehemu. Makhopotso akakataa katakata, mbele ya wazee, na nguo za msiba bado ziko mwilini. Sekake akasema, "Haya, akae nao. Lakini siku watakapoanza kumfia, siku hiyo hiyo watarudi kwangu." Tangu hapo hakuwahi hata mara moja kusema ni mbuzi wa Makhopotso. Kila alipowataja aliwaita mbuzi wa mdogo wangu, na kila aliposema hivyo Makhopotso aliuma meno.

Siku ile bandani, jua likiwaka, Sekake alipita na farasi wake, blanketi limefungwa kwa pini chini ya kidevu kama wavaavyo watu wa huko.

"Ntate Sekake, wewe hunyoi?" Makhopotso alimwita, akitia ile Ntate, yaani Bwana, kwa mzaha.

"Theluji ya mwisho bado."

"Theluji ipi tena? Pichi zimeshika, wewe unangoja theluji! Hebu vua hilo blanketi, Ntate, utaiva humo kama kiazi kwenye jivu."

Banda zima likacheka. Mwanamke mmoja akadakia, "Mwacheni, huenda anaficha kitambi!"

"Cheka, shemeji," Sekake akasema. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa hasira. "Mbuzi wa mdogo wangu wakifa, utanitafuta."

"Nitakutafuta jasho likishakukauka!"

Wakacheka tena, na Makhopotso akarudi kwake na mbuzi wake, weupe, wembamba, uchi kabisa, moyo wake mweupe pia.

Siku chache baadaye aliwaacha wakila majani kwenye mteremko wa karibu, akashuka kusaga mahindi. Alikwenda bila kujifunika, blanketi kalikunja kichwani kumkinga na jua. Alikuwa kwenye foleni ya kinu upepo ulipogeuka. Haukuanza kidogo kidogo. Ulikuja wote kwa pamoja kutoka kusini, ukapiga mabati ya kinu, na watu waliokuwa wakitoka jasho wakaanza kutetemeka huku wakitazamana. Kisha ikaanza kuanguka theluji. Mzee mmoja aliinyooshea mkono kama asiyeamini, ikamjaa kiganjani.

"Mbuzi wangu!" Makhopotso alipiga ukelele. Akaliacha gunia la mahindi pale pale, akakimbia.

Alipofika mteremkoni hapakuwa na mbuzi. Theluji ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na upepo ukawa unamrudishia sauti yake mwenyewe. Akapanda juu zaidi, blanketi kalishika kwa mikono miwili, akijilaani kwa kila hatua. Nyuma ya jabali akaona kitu kama rundo la mawe. Akapangusa theluji kwa kiganja.

Walikuwa mbuzi. Walikuwa wamelaliana kutafuta joto, wa juu wakawakaba wa chini, na wote walikuwa wamekufa, wamekakamaa. Makhopotso aliketi chini pale pale.

Ilimchukua muda kuona sikio. Mbuzi wake waliwekwa alama kwenye sikio la kulia. Hawa walikuwa na alama sikio la kushoto. Akageuza mwingine, na mwingine. Kushoto, wote. Hao walikuwa mbuzi wa Sekake, na walikuwa wamenyolewa.

"Amenyoa," alisema kwa sauti, peke yake, mlimani. "Sekake amenyoa!"

Akashuka mbio kuelekea nyumbani kwa shemeji yake, kumpa habari na kuulizia mbuzi wake. Alipokaribia boma aliona nyayo za kwato nyingi kwenye theluji, zikiingia. Damu ikamchemka. Kumbe ndiyo ile siku hiyo hiyo aliyoisema! Hata maiti za mbuzi wake hazijapoa, ameshachukua wangu! Akausukuma mlango kwa bega, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Nyumba ilikuwa imejaa mbuzi kutoka ukuta hadi ukuta. Walikuwa kitandani, chini ya meza, wengine wamefunikwa magunia, wengine mablanketi. Walikuwa hai, na wote walikuwa na alama kwenye sikio la kulia. Sekake alikuwa amepiga magoti kando ya moto, akiwa na shati tu, akimsugua mbuzi jike kwa majani makavu. Makhopotso hakuwahi kumwona bila blanketi. Mabega yake yalikuwa membamba ajabu.

"Funga mlango," alisema. "Baridi inaingia."

Akaufunga. "Ntate... nimewaona wako. Kule juu."

"Najua."

"Ulinyoa lini?"

"Kesho yake. Baada ya mimi kuchekwa bandani." Hakuinua macho. "Nilikuwa nakwenda kuwachukua wangu. Hawa walikuwa mteremko wa chini, njiani. Nikawaleta kwanza. Niliporudi juu, wale walikuwa wameshalaliana."

Makhopotso alishika mwimo wa mlango. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yakimrudia, moja moja, pamoja na vicheko vyake.

"Blanketi nimevua, kama ulivyotaka," Sekake akasema, akajaribu kucheka. Blanketi lenyewe lilikuwa limemfunika yule mbuzi jike, pini ikiwa bado kifuani pake. "Msugue huyo wa kitandani, miguu imemfa ganzi. Jua likitoka, uwaswage mbuzi wako urudi nao kwako."

Mbuzi wako. Alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu mazishi. Alikuwa hata amejiandalia jibu lake, jibu kali lenye mbwembwe, la kusema mbele za watu. Sasa hakulikumbuka. Alivua blanketi lake, akamwekea Sekake mabegani, kisha akapiga magoti kando ya kitanda na kuanza kusugua.