Fleti Ndani ya Kiwanda

Hilda Entwistle alianza kuona kinyaa mlangoni tu. Kiwanda alichofumia nguo tangu usichana wake kilikuwa kinanukia mishumaa ya vanila. Zamani kilinuka mafuta ya mashine na jasho, na hakuna aliyekionea aibu. Sasa bobini za kuzungushia uzi zimepangwa kwenye bakuli kama matunda, na pale alipoangukia shoga yake Winnie, akikohoa vumbi la pamba, wameweka meza ya kahawa.

Mwanawe Graham alikuwa amekuja kutoka London kumtembelea. Alisema watazunguka mji kidogo, waone mfereji na mabomba ya moshi, kumbe mzunguko wote ulikuwa wa kumleta hapa. Alitaka mama aiuze nyumba yake ya Mtaa wa Tanner, ahamie kwenye fleti zilizojengwa ndani ya kiwanda hiki. Hilda alimjibu kwamba ataangalia, kisha ataamua mwenyewe.

Basi akaketishwa kwenye sofa na kikombe cha kahawa kilichojaa povu, Graham akaingia na dada wa mauzo ya fleti katika ofisi ya vioo. Mlango ukafungwa vizuri.

Graham alisahau mama yake ni nani. Mitambo ya kufumia ilipiga kelele za kuua masikio, hivyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu, wakiivuta na kuipanua, mtu akasengenywa toka ukuta huu hadi ule bila sauti. Kuisoma midomo ya mwanawe nyuma ya kioo, Hilda hakuhitaji hata kukaza macho.

"Nyumba nimeshaipatia mteja," midomo ya Graham ilisema. "Nilimwonyesha Jumapili, Mama akiwa kanisani. Mwonyeshe jiko na mapazia tu, atasaini. Siku hizi akili zenyewe za kubabaisha."

Mgeni kakanyaga zulia la Hilda, labda kachungulia hata kitanda alichofia mumewe, na aliyemfungulia ni mtoto aliyemzaa mwenyewe. Alitua kikombe, akajikongoja hadi kwenye kioo, akagonga.

Graham aliinua uso. Hilda akaifungua midomo kwa mtindo wa kiwandani, pasipo sauti.

"Mwambie mteja wako mwenye nyumba hajafa."

Dada wa mauzo alimpungia mkono, akidhani bibi anatafuna kitu. Graham aliiva uso. Utotoni mwake aligombezwa vivyo hivyo kupitia dirisha la jikoni, na hakuwahi kukosa neno hata moja.

Naye akajibu kwa midomo, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu aanze kuvaa suti.

"Mama, nisamehe. Nilitaka—"

Hilda alikuwa ameshampa mgongo, na mfumaji akikupa mgongo ndiyo basi, hakusikii tena. Alitoka akaelekea Mtaa wa Tanner kwa miguu, akamtafute fundi wa kubadilisha kitasa.