Programu ya Idman

Hamse alikuwa fundi wa kompyuta wa chama cha wafugaji pale Waberi kwa miaka minane, na miaka yote hiyo hakuna aliyempigia makofi. Halafu akaja Idman, msichana wa juzi tu, na programu yake ya chapa za ngamia: unaandika umbo la chapa, unaletewa picha na jina la mwenye mnyama. Watu walimshangilia mpaka Hamse akaona hata chai ni chungu. Wivu ulimla, tusimfichie.

Asubuhi moja programu ilihamishiwa kwenye kompyuta ya langoni mwa soko la mifugo. Siku hiyo hiyo ngamia mmoja akashukiwa kuwa wa wizi, naye yuko tayari juu ya lori la Nairobi. Mwenye lori akakubali kungoja mpaka adhana ya adhuhuri. Akitajiwa mwenye ngamia, atamshusha. Asipotajiwa, anaondoka zake. Idman akaandika chapa. Programu ikajibu kwamba faili haikupatikana. Akarudia, ikawa vilevile.

Korane, meneja wa chama, akamwita Hamse.

Hamse alitupa jicho mara moja tu, akajua. Picha zilikuwa zimenakiliwa zote, ila programu ilizitafuta kwenye folda ya laptopu ya Idman, aliyoiacha nyumbani, folda ambayo kompyuta hii haikuwa nayo. Ni mstari mmoja wa kubadilisha, kazi ya dakika mbili. Moyo wake ukachangamka. Mwache atoke jasho, akajisemea, wamwone wote.

"Pengine ni waya," akasema, akainama chini ya meza.

Akachomoa, akachomeka. Akazima kompyuta, akaiwasha upya, pole pole. Idman akamletea simu.

"Abowe, kaka yangu, nimempiga picha yule ngamia. Angalia hii chapa, labda unaijua."

"Mimi ni fundi wa kompyuta," Hamse akasema bila kugeuza shingo. "Si mchunga ngamia."

Adhana ikaadhiniwa. Lori likanguruma, likashika njia ya Nairobi. Machozi yalimlengalenga Idman, na Korane akamwambia mbele ya watu kwamba programu yake ni maneno matupu. Hapo ndipo Hamse alipoketi, akabadilisha ule mstari. Picha zikafunguka zote.

"Wallahi, huyu ndio fundi!" Korane akapiga makofi, na wengine wakafuata. Yalikuwa matamu kuliko Hamse alivyowahi kudhani.

Idman hakupiga. Aliandika umbo la chapa tena, akasoma jina lililotokea, akalisoma mara ya pili.

"Abowe," akasema taratibu, "Saynab Jelle wa Takaba si mama yako?"

Hamse akaitazama simu kwa mara ya kwanza. Duara na mistari miwili, shavuni. Chuma cha chapa ile alikishika mwenyewe akiwa na miaka kumi, na maziwa ya ngamia yule ndiyo yaliyomsomesha ufundi.