Mke wa Kaluki

Mke wangu Kaluki hakuzaa. Miaka kumi na tisa, hakuna. Kwetu Mbooni mwanamke kama huyo hafi bila jina: anaoa mwanamke mwingine, analipa mahari yeye mwenyewe, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Tunaita iweto. Basi Kaluki akamwoa Muthoki, akamjengea nyumba ng'ambo ya mtaro. Mimi sikulala huko hata siku moja, Mungu anajua. Mtoto alipozaliwa, Kaluki alimbeba mgongoni mpaka kanisani, akicheka peke yake njiani.

Jumapili hiyo hiyo wazee wa kanisa walimtoa Kaluki kwenye Meza ya Bwana, mimi na Muthoki pamoja naye.

"Ndugu Mwangangi," Pasta Musembi aliniambia, "Paulo amesema mume wa mke mmoja. Kwako kuna wawili."

"Mmoja ni wangu. Huyo mwingine ni wa Kaluki."

"Wewe ulisoma mpaka darasa gani?"

La pili. Hao watu wakishakuuliza darasa, maneno yamekwisha.

Mwaka wa sabini na nne Kaluki akashikwa na tumbo, akavimba. Hospitali ikamrudisha nyumbani. Hakuomba nyama, hakuomba blanketi.

"Nataka kula Meza mara moja tu," alisema. "Waulize tena. Na safari hii usiende mikono mitupu, nenda na kitabu."

Nikatoa Bibilia yetu ya Kikamba, nikaweka kidole, nikasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kumbe Paulo alikuwa anasema juu ya msimamizi wa kanisa! Mimi ni msimamizi wa nini? Mbuzi sita. Nikaogopa nimesoma vibaya. Nikaazima ya Kiswahili kwa jirani yangu Mbuvi: humo imeandikwa askofu. Nikapanda mpaka Kikima kwa Rahab, Mkikuyu mwenye duka, anisomee ya kwao.

"Mzee, mlima wote huu kwa mstari mmoja?" alicheka. "Hapa nauza sukari, siuzi upasta."

Lakini alifuta mikono, akasoma, akasoma tena, akaacha kucheka.

"Hata hapa ni mkubwa wa kanisa. Wenyewe wanabishana, mke mmoja kwa wakati mmoja ama mmoja maisha yote. Lakini wanabishana juu ya mkubwa. Mama mgonjwa hayumo. Chukua, umwonyeshe."

Nikabeba zote tatu kwa kiondo cha Kaluki. Pasta alizifungua mojamoja. Nilimwona ameona. Kidole chake kilisimama pale pale changu kiliposimama.

"Hili ni jambo la kamati," alisema. "Inakaa Agosti. Na kamati inatumia ya Kiingereza."

"Pasta, tuko Juni. Kaluki hafiki Agosti."

"Utaratibu ni utaratibu, ndugu."

Hata Julai hakufika. Kila jioni aliniuliza, "Wamesema?" nami nikasema bado. Tulimzika bila pasta. Muthoki ndiye aliyeanzisha wimbo, mtoto mgongoni, nasi tukamfuata vile tulivyoweza.

Septemba Pasta akaja na barua, amevaa tai. Akanywa chai ya Muthoki, akasifu chai.

"Kamati imeangalia," alisema. "Sasa mke ni mmoja. Ukifunga ndoa kanisani na huyu Muthoki, mtakaribishwa Mezani nyote wawili. Hakuna kizuizi tena."

Alitabasamu kama mtu aliyeniletea mvua.

Muthoki alikuwa mlangoni na birika. "Pasta, mimi niliolewa na Kaluki," alisema. "Huyu kwangu ni baba. Mnataka nilale na baba ndiyo nile mkate?"

Pasta akanitazama, akingoja nimkemee. Nilikunja barua yake, nikamrudishia mfukoni.

Bibilia ya Rahab bado iko kwa kiondo. Inafaa niirudishe. Lakini ataniuliza kama mama alikula Meza, na mimi sijapata miguu ya kupanda ule mlima.