Ushuhuda wa Tope la Otonglo

Pale kanisani Migosi hakuna aliyemfikia Dorca kwa kutoa ushuhuda. Wengine walisimama, wakababaika, wakataja homa iliyopona au mtoto aliyepita mtihani, wakakaa. Dorca alisimama, akaweka leso yake sawa begani, na kanisa zima likajitayarisha kama watu walioona sufuria ikiteremshwa mekoni.

Zamani, kabla hajaokoka, alipika chang'aa, pombe haramu, kule Otonglo. Siku moja polisi wakavamia, akakimbilia shamba la mahindi, mvua ikamnyeshea humo amelala kifudifudi. Ndipo akasikia watu wakiimba kwenye mkutano wa injili kando ya barabara. Akatoka vile alivyo, tope mpaka usoni, akapita mbele ya polisi walewale wasimtambue, akapiga magoti mbele ya mhubiri. Hapo Dorca hunyamaza kidogo, hufuta jicho la kushoto kwa ncha ya leso, kisha husema, "Tope niliosha mimi, lakini dhambi aliosha Yeye." Na kanisa hulipuka kwa Bwana asifiwe.

Hayo yote yalitokea kweli, hakutia chumvi hata punje. Ila yalitokea mwaka wa sabini na moja, na sasa ilikuwa themanini na tisa. Kijana mmoja aliwahi kunong'ona kwamba ushuhuda huo umeota mvi. Mchungaji Zadock akamjibu kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na kijana akafyata mkia.

Lakini mvi hizo Dorca mwenyewe alizijua kuliko kijana. Tangu amzike mumewe, Obiero, alikuwa haombi. Hakumkana Mungu, hapana. Baada ya matanga alipiga magoti, maneno yakakataa kuja, akainuka. Kesho yake akapiga magoti tena, akainuka upesi zaidi, na baadaye akaacha kabisa. Aliamka akaenda soko la Kibuye kuuza nguo zake za mitumba, akarudi, akalala. Jumapili ushuhuda ulimbeba, watu wakamshika mkono wakisema amewainua, naye akaenda nyumbani mtupu. Aliogopa sana. Aliogopa kwamba Mungu amebaki kule kaburini na Obiero, na kwamba hata akimwita sasa, hatajibiwa.

Ikafika Jumapili ya wageni kutoka Siaya. Mchungaji alikuwa amewaahidi ushuhuda wa Dorca, na Dorca alikuwa hana sauti. Mafua na kunadi nguo sokoni vilikuwa vimeimaliza, ikabaki pumzi tu. Mchungaji alisikitika waziwazi. Ndipo akainuka Benta, jirani yake wa pale sokoni Kibuye, mwanamke wa moyo mweupe asiyejua aibu ni nini. Akasema wageni wasirudi mikono mitupu, ushuhuda wa Mama wote wanaujua, yeye atamtolea.

Akautoa. Mvua ilinyesha mahali pake, polisi wakapita mahali pao. Penye kunyamaza alinyamaza. Jicho la kushoto alilifuta. Wageni wakalipuka, na bibi mmoja akalia kabisa. Dorca alitafuta dhihaka katika maneno ya Benta ili apate kukasirika, asiione. Ushuhuda wake ulikuwa umesimama pale mbele, mzima, wala haukumhitaji.

Akaenda mbele, akamshika Benta mkono, akamnong'oneza.

"Mama anasema asante," Benta akawatangazia watu.

Dorca akatikisa kichwa kukataa. Akanong'ona tena. Benta akamwangalia.

"Mama, hiyo kweli niseme?"

Akaitikiwa kwa kichwa. Benta akawageukia watu, akaanza kwamba Mama anasema tangu azike mzee, na mkono wake ukafinywa. Akainamisha sikio. Mama alitaka aseme "mimi", vile alivyosema kwenye ushuhuda wa tope.

Benta akawageukia watu tena. "Tangu tuzike mzee, mimi sijaomba. Hata siku moja. Nakuja hapa nawapatia ya sabini na moja kwa sababu sina ya leo."

Hakuna aliyesema Bwana asifiwe. Neno lenyewe halikupata pa kukaa. Mchungaji Zadock aliangalia viatu vyake. Benta alisahau leso, machozi yakamtiririka macho yote mawili mpaka kidevuni.

Dorca alikuwa bado anamshika mkono. Alikuwa amefumba macho, na midomo yake ikaanza kucheza tena, polepole. Benta akainama kusikiliza ili awapashe watu. Akasikiliza kitambo. Kisha akainuka.

Mzee Wakoli, aliyekaa nyuma kabisa na ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, akauliza Mama anasema nini sasa.

"Tulia, Mzee," Benta akamwambia. "Saa hii haongei na sisi."