Madigadi ya Kushoto

Fundi huyu karakana nzima ilimwita Milimita, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Futi yake alilala nayo chini ya mto. Mkewe alishachoka kugombana, akawa anasema afadhali futi kuliko mwanamke mwingine. Hakukata bati mpaka apime mara tatu, ile ya tatu ikiwa ya kuhakikisha kwamba zile mbili hazikumdanganya. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, sijui walitokaje tumbo moja. Yeye aliitwa Jicho. Alikitazama kitu, akafumba jicho moja, akachukua nyundo, basi. Milimita aliuita ufundi huo ramli.

Karakana ilikuwa ya baba yao, na tangu baba azikwe hawakuwa wakisemeshana. Waligombea nyundo. Ilikuwa nyundo ya kunyooshea bati, mpini wake umelainika kwa mkono wa marehemu, na kila mmoja aliona kwamba atakayeishika ndiye mkuu wa karakana. Mama yao aliwasikiliza wakibishana mpaka akachoka, akaibeba akaenda nayo nyumbani, akawa anazuilia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Wao wakajenga ukuta wa mbao katikati ya karakana. Tangu siku hiyo wakawa wanaongea na ukuta.

"Ee ukuta," Milimita husema, "mwambie aliyechukua mkasi wa bati aurudishe."

"Ee ukuta," Jicho hujibu, "mwambie mkasi anao kiunoni."

Ukitazama, kweli, uko kiunoni.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku moja mama akaingia karakana, akapita moja kwa moja hadi nyuma, akavuta turubai. Chini yake lilikuwa gari la marehemu, la zamani hasa, la zile zama ambazo gari lilikuwa na mashavu. Injini ilishafufuliwa na fundi mwingine. Zilizokosekana ni madigadi mbili za mbele, yale mabati ya kufunika magurudumu. Ya kulia ililiwa na kutu ikatupwa siku nyingi. Ya kushoto ilining'inia uani, imejaa matundu, ila umbo bado lilionekana. Dukani usiulize. Hata waliolitengeneza gari lile walishasahau.

"Nataka gari la mume wangu litembee," mama akasema. "Nataka nipite nalo, kioo nimeshusha, mbele ya kila mtu aliyesema nimeachiwa chuma chakavu na watoto wawili vichwa ngumu. Wewe mkubwa, tengeneza madigadi ya kushoto. Wewe mdogo, ya kulia. Itakayokaa vizuri zaidi kwenye gari, mwenyewe achukue nyundo ya baba yenu, na mwenzake anyamaze."

Akawaonyesha mabati aliyonunua. Yalikuwa matatu.

"Mama, madigadi ni mbili," Milimita akasema, maana hesabu haikuwahi kumpita.

"Najua. Na nyinyi nawajua."

Milimita hakujali dongo lile. Roho yake ilikuwa imeshafika kwenye nyundo. Alipewa kushoto, na ya kushoto sampuli ipo, inamsubiri ukutani! Tusimcheke, jamani, aliitaka nyundo ile kwelikweli. Alifanya kazi ubavuni mwa baba yake tangu ana ndevu tatu, na mzee hakuwahi kumwambia hata siku moja kwamba ameweza. Kazi ikiwa nzuri kabisa, mzee aliitazama, akaguna, akasema, "Haya." Kisha akaenda kunawa. Milimita alikuwa na kiu ya neno zaidi ya hilo, na mwenye neno alishaondoka. Ilibaki nyundo.

Akachukua kadibodi, akailaza juu ya madigadi ya zamani, akaibonyeza kila kona, akachora, akaikata kwa umbo lake, akajaza tarakimu upande mzima. Alipotoka nje asubuhi moja akamkuta Jicho uani amebeba kioo cha mama cha kujirembea, amekielekeza kwenye madigadi ile ile, anatazama ndani ya kioo na mkono unapapasa hewa. Milimita alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ee ukuta! Mwulize bwana harusi kama anahitaji na kitana!"

 Jicho alitazama aliyoyataka, akakirudisha kioo kwa mama yake.

Kicheko kilipoisha, Milimita akaingiwa na wasiwasi. Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akamkabidhi madigadi ya zamani, ili mdogo wake asipate tena cha kuigia. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mnunuzi aliondoka anapiga mluzi. Ikabaki kadibodi. Sasa ule ukuta wa mbao ulikuwa na nyufa, na jicho la Jicho, nani asiyelijua? Milimita akailaza kadibodi juu ya bati kifudifudi, tarakimu zote zimefichwa chini, akafuatisha kingo zake kwa msumari, akakata. Alipomaliza akaichana vipande vipande, akaitia motoni chini ya birika. Chai ya siku ile aliisifu mpaka jioni.

Akaanza kugonga. Alilaza bati juu ya mfuko wa mchanga, akalitunisha polepole kwa nyundo ya mti, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka shavu likaanza kuvimba. Gari hakulisogelea. Aliapa halitaiona madigadi yake mpaka siku yenyewe. Kwa nini alisogelee? Vipimo alishachukua, na yeye alikuwa mtu wa kuamini vipimo kuliko macho yake mwenyewe.

Katikati ya kazi akasikia mtu anakohoa upande wa pili, karibu kabisa na ufa.

"Ee ukuta," sauti ya Jicho ikasema, taratibu. "Mwambie kaka..."

"Ukuta umelala!" Milimita akafoka, akaziba ufa kwa gunia.

Siku ya kufunga ikafika. Mama alikuja na kiti chake na mkoba wake, akaketi mbele ya gari kama hakimu. Jicho alianza. Madigadi yake ilikaa upande wa kulia, ikakubali, ila karibu na taa palibaki mwanya wa kuingiza kidole. Milimita aliuona mwanya ule, akasikia moyo wake unacheza ngoma. Alimwonea huruma kidogo mdogo wake, ile huruma tamu ya mtu aliyeshinda.

Akaileta yake, imefunikwa shuka. Akaifunua. Hata mama alishtuka, maana iling'aa na haikuwa na kovu hata moja. Akaipeleka kushoto, akaiegesha. Haikukaa. Akaisukuma. Tundu la taa lilitazama injini. Akaigeuza juu chini, ikawa kituko. Akaizungusha, mkia ukaja mbele.

"Mwanangu," mama akauliza kwa upole, "hiyo inatafuta nini?"

Milimita akaikumbuka kadibodi. Kifudifudi! Aliilaza kifudifudi, ikakatika kinyume, akaigonga kinyume mpaka mwisho, kwa ustadi wote aliojaliwa. Alitamani ardhi ipasuke. Alisubiri kicheko cha Jicho, na Jicho hakucheka, jambo lililomuuma zaidi. Mdogo mtu alifungua tu boliti zake, akaiweka yake chini, akaipokea ile ya kaka yake mikononi, akaenda nayo upande wa kulia. Ikagota mahali pake. Matundu ya boliti yalitazamana yote, na karibu na taa hata ukucha haukupita.

Milimita akasahau ukuta. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuona ulipokata. Nikaja kukuambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ukuta ulikuwa umelala, kaka."

Mama ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa nyundo.

"Nilisema itakayokaa vizuri zaidi. Iliyokaa vizuri zaidi ni yako. Chukua."

Milimita akaipokea. Aliiota nyundo ile usingizini na mchana kweupe, na sasa aliishika huku amesimama mbele ya gari lisilo na shavu la kushoto.

"Nitaitengeneza hiyo iliyobaki," akasema, sauti ndogo.

"Kwa kuigia nini? Ya zamani umeuza, kadibodi umeinywea chai. Ataitengeneza mdogo wako kwa jicho, kwa kuitazama hii ya kulia ndani ya kioo. Bati la tatu lile pale. Ila kioo changu ni kizito, mkubwa, kinataka mtu wa kukishika."

Ndivyo mkuu mpya wa karakana alivyoanza ukuu wake, amekumbatia kioo cha mama kwa mikono miwili, nyundo ameibana kwapani. Ndani ya kioo madigadi yake ilikuwa ya kushoto, nzuri, vile vile alivyoikusudia. Jicho aliinama kwenye mfuko wa mchanga, akatunisha bati, akalihamishia kwenye chuma cha kunyooshea. Akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Kaka, nyundo."

Milimita akamtazama mama. Mama alikuwa ameshughulika kung'oa ubao mmoja wa ule ukuta, hana habari nao. Kioo hakiachiliki. Akainua kiwiko.

"Haya, chukua."

Jicho akaichukua, akagonga, akatazama kioo, akafumba jicho moja.

"Inamisha upande wa kushoto kidogo."

Mtu aliyepima maisha yake yote akasita. "Kushoto kwangu, au kushoto kwa kwenye kioo?"

"Kwako, kaka."

Akainamisha. Jicho akatazama tena, muda mrefu, akaguna.

"Haya," akasema, kwa sauti ya baba yao kabisa.

Milimita akabana kioo kifuani kwa nguvu zake zote, kisitikisike.