Mshono Usiofumuka

...na lile koti lake, bega la kushoto limepanda kuliko la kulia, aliyemshonea Prefe alikuwa na haraka, mimi nisingemwacha mtu aondoke mbele ya cherehani yangu namna hiyo, tena mkuu wa shule nzima, lakini nani anaona, wengine wote wanamtazama mdomo, na mdomo unasema iniforme, iniforme njo uso wa masomo yetu, bazazi, muntu akikutana na mutoto barabarani ajue palepale huyu ni wa wapi, anatuambia hivyo sisi wazazi, juu ya sare ya shule, tangu saa tatu, na sisi tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamebanwa, wababa upande huu, wamama upande ule, hakuna aliyetupanga, tumejipanga wenyewe kama kawaida, na mimi niko mwisho wa dawati la watu watatu, nafasi mbili tupu, siku hizi watu wananiachia nafasi, wanaita heshima, wanasema yule njo Papa Augustin, baba wa yule binti, basi wananisalimia kwa sauti ya chini na kwenda kukaa mbali, heshima gani hii, ningependa mtu aje akae hapa anisukume kwa kiwiko, aniulize nimekula nini asubuhi, sijala kitu... ubaoni pameandikwa kwa chaki swali moja, wasichana waruhusiwe kuvaa suruali kama wavulana, ndiyo au hapana, na chini yake mistari miwili ya kuhesabia, bado haina kitu, na Mama Francine aliyeleta barua ya swali hilo amesimama tena, mwanamke huyu hachoki, anauza vitambaa sokoni na sauti yake imezoea soko, anasema Prefe, musikasirike, mimi niliomba tu mutusomee sheria zote mbili, ya mwanaume iko mustari moja, pantalo ya buluu na mukaba, kwisha, ya binti iko ukurasa muzima, jipe yenye kunyooka, chini ya magoti vidole vine, bila marinda, bila mupasuo, hivi mwili wa mutoto mwanamuke umekosa nini hata uandikiwe ukurasa muzima, na baba mmoja nyuma yangu anapiga kelele, basi Mama, kesho na sisi tutavaa jipe, na wababa wanacheka, na mimi midomo yangu imecheka pia kabla sijaikataza, halafu nikaona aibu... ukurasa huo naujua kuliko wao wote, nimeupigilia ukutani juu ya cherehani, karibu nusu ya sketi zinazopita kwenye lile lango zimetoka mikononi mwangu, nikisimama barabarani asubuhi nawatambua wasichana kwa mshono wa pindo kabla sijawatambua kwa sura, na wao wanapita hatua fupi fupi, haraka haraka, na wavulana wanawapita wakikimbia, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa naona pindo tu, pindo limenyooka, nafurahi.

Ya Falone, binti yangu, niliiacha na mpasuo, mwanzoni, wa nyuma, mdogo, urefu wa kiganja, kwa sababu mtoto yule anatembea kama mama yake, hatua ndefu, Agnès alikuwa hivyo, ukitoka naye Kataki kwenda Lubuye unafika umelowa jasho, alikufa Falone ana miaka saba na nikabaki na hatua zile ndefu ndani ya nyumba, kutoka jikoni hadi mlangoni mara mbili tu, pa, pa, nami nikishona nazisikia... nikashona mpasuo nikijua sheria, nikajiambia nani ataona, wakaona, wakamtoa darasani katikati ya mtihani wa jiografia na kumrudisha na karatasi, mzazi afunge mpasuo ndipo mtoto aingie, na mimi nilipoisoma karatasi ile sikumfikiria mtoto hata kidogo, nilijifikiria mimi, fundi wa shule, sketi yake mwenyewe imerudishwa mbele ya watu wote, akasimama pale kwenye kizingiti cha duka, akasema Papa, mufunge nusu tu, nikipanda pikipiki siwezi kutanua miguu, nikamwambia kaa upande kama wenzako wote, akasema Papa, nikikaa upande sina pa kujishika, nikamwambia mimi njo fundi wa hii masomo, mutoto wangu njo wa kwanza kuvunja sheria, basi akavua, akajifunga kitenge na kukaa kwenye kiti cha wateja akiningoja, nami nikafunga, nikapitisha mshono mara moja, nikaona hautoshi, nikarudia juu yake, uzi mzito ule wa suruali za wafanyakazi wa reli, ili asije akanirudia na karatasi nyingine, nikauvuta kwa mikono yote miwili kuujaribu, haukutoa hata sauti.

Prefe anasema tusichanganye mambo, sasa amepata moto, anatembea mbele ya ubao, anasema leo ni pantalo, kesho itakuwa nini, mutoto mwanamuke ajulikane ni mwanamuke, mwanaume ajulikane, hata mikoba ya posta ina rangi yake, sijui mikoba ya posta imeingiaje, na mama mmoja mwenye kilemba cha njano anasema Prefe yuko na haki, mimi yangu akivaa pantalo wanaume watamuangalia matako, na Mama Francine anajibu kwani sasa wanaangalia wapi, na wamama wanapasuka kicheko, na mimi nafikiri wote wana haki kidogo, suruali si rahisi kumshonea msichana, nyonga inataka kipimo kingine, ningelazimika kujifunza upya uzeeni, na sketi ya buluu iliyokaa vizuri ni kitu kizuri, sitadanganya, naipenda, lakini kupenda kwangu kunatembeaje kwenye miguu ya mtu mwingine... walikuwa wawili juu ya pikipiki ile, nyuma ya Guelord, motari wa kubeba abiria, mtoto wa Mama Francine katikati, Falone mwisho, darasa moja, sare moja, asubuhi moja, mvulana amepanda kama watu wanavyopanda, mguu huku na mguu huku, binti yangu amekaa upande, miguu yote miwili pamoja, imefungwa na mimi, na walipokaribia daraja la Lukuga mama mmoja mwenye karai la samaki wa ndagala akavuka bila kuangalia, Guelord akashika breki, si breki ya ajabu, breki tu, pikipiki ikainama, mvulana akashusha mguu chini akasimama, vumbi kwenye kiatu, basi, na wangu hakuwa na mguu wa kushusha, alikuwa na miguu miwili iliyokuwa kitu kimoja, akateleza mzima mzima hadi kwenye jiwe la pembeni, paja likavunjika mahali pawili... na hospitali muuguzi akaja na mkasi, akajaribu kufumua mshono akashindwa, akasema Papa, nani alishona hii, akaacha mshono na kukata kitambaa, kitambaa kikaachana, mshono ukabaki mzima ukining'inia, na mimi, Mungu anisamehe, mtoto wangu analia pale kitandani, na mimi kwa muda wa kupepesa jicho niliona fahari.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Hakuna wa kumwambia. Cherehani nimeiambia.

...na hapa katikati yetu, anasema Prefe, na sauti imeshuka, imekuwa ya mazishi, hapa tuko na muzazi mwenye kuumia kuliko sisi wote, na vichwa vinaanza kugeuka, hapana, usinitaje, mwache Augustin wa watu akae, anasema muliona kilichofika kwa binti yake, na musituletee maneno ya jipe, yule mutoto hakuangushwa na jipe, aliangushwa na motari mwenye mbio, Papa Augustin mwenyewe alisema, shida yetu ni hawa wamotari, bazazi, si iniforme... alisema mwenyewe, ndiyo, nilisema, neno moja, nje ya hospitali, watu wamejaa, mtu akauliza alikuwa anakimbiza, nami muuguzi alikuwa ametoka tu kuniuliza nani alishona hii, nikasema alikuwa anakimbiza, na yule mvulana wa Mama Francine amesimama hapo hapo mbele yangu, viatu vina vumbi, akasema lakini Papa, tulikuwa tunaenda polepole, na mama yake akamshika bega akaniangalia, akangoja, nami nikarudia, alikuwa anakimbiza kama kichaa, nikaongeza kichaa, sijui kwa nini niliongeza, na kufika jioni mji mzima ulikuwa unajua, mwenye pikipiki akamnyang'anya Guelord pikipiki, wenzake wakamvua fulana ya kazi, sasa anabeba magunia bandarini, nimemwona, nilizunguka nyuma ya ghala ili asinione, mtu mzima wa miaka hamsini na sita najificha nyuma ya ghala.

Na Guelord alikuja. Siku ya tatu, na mama yake, na nanasi, na samaki wawili wamefungwa kwenye jani, wakasimama mlangoni mwa wodi, akasema Papa, tumekuja kumuangalia mugonjwa, hakusema zaidi, hakujitetea, nami nikawafukuza mbele ya wagonjwa wote, nikapiga kelele hadi muuguzi akaja, na nilipomgeukia Falone alikuwa ameelekea ukutani, nikasema ni maumivu, nikamfunika shuka... na mguu ukapona kwa namna yake, umekuwa mfupi kidogo, zile hatua ndefu hazipo tena, na siku moja akasema Papa, nataka kwenda Kongolo kwa mama mudogo, nikauliza juu ya nini, akasema nataka tu, nikasema nitakushonea sketi nyingine, pana, ya marinda, hata wakikufukuza nitakwenda kupigana nao, akasema hapana Papa, aksanti, aksanti aliniambia, kama mteja, na treni ilipopatikana akapanda na fimbo yake, na tangu hapo napika bukari ya watu wawili kwa sababu mkono haujui kipimo cha mtu mmoja, naila baridi kesho yake, naweka redio ili pawepo na mtu anayeongea, nasema kwa sauti, Augustin, uzi umekwisha, Augustin, mvua inakuja, na nafikiri ni mshono, mtoto amenichukia kwa ajili ya mshono, na ninavumilia, nastahili, ila nimechoka kuwa peke yangu, nimechoka kweli... kila Jumapili anapiga simu, Papa, jambo, ndiyo Papa, mguu uko sawa, masomo iko sawa, na kabla ya kukata anauliza, na Guelord, habari yake, kila Jumapili, Jumapili zote hizi, na mimi damu inapanda, nasema huyo muntu unamutakia nini, naye anasema hapana Papa, nauliza tu, na kukata, nami nabaki na simu mkononi nikiwaza mabaya, nikiwaza kumbe kulikuwa na kitu kati yao, motari na binti yangu, kumbe ndiyo maana aliteleza, labda alikuwa anamshika kiunoni, nimewaza hata hivyo, nimekaa gizani kwenye kiti cha wateja nikiwaza hivyo juu ya mtoto wangu... na nauliza tu, alisema, nauliza tu, lakini mtu haulizi tu kitu kimoja Jumapili zote hizo, ananiuliza mimi, si habari ya Guelord anayotaka, ngoja, ngoja kwanza Augustin, alikuwa juu ya pikipiki ile, alijua ilikwenda polepole, alinisikia wodini nikimfukuza mtu aliyekuja na nanasi, ukutani hakuelekea kwa maumivu, mshono alinisamehe siku ileile, alikaa kwenye kiti akaningoja niumalize bila neno, ni mtoto wangu, anajua nilivyo mjinga na kazi yangu, kitu ambacho hakuweza kukaa nacho chumba kimoja ni baba yake akidanganya juu ya mguu wake, na kila Jumapili ananifungulia mlango, na Guelord, habari yake, yaani Papa, umekwisha kusema ukweli, na mimi ninamfungia usoni.

Papa Augustin, anasema Prefe, musimame kidogo, mutuambie kwa mudomo wenu, ilikuwa jipe ao ilikuwa mbio, kisha tupige kura twende nyumbani, na madawati yanalia, watu wote wamegeuka, wababa wananitikisia kichwa kwa huruma, Mama Francine peke yake hanitazami, anatazama mikono yake aliyoilaza juu ya dawati, kuna kitu anakijua tangu siku ile na hajakitumia, angeweza kukitumia leo angeshinda, na amekaa tu, mwanamke huyu ameninyamazia bila mimi kumwomba... wakijua hawataniletea kitambaa tena, nitakuwa Augustin aliyemfunga mtoto wake miguu na kumtia mtu mwingine hatiani, na Guelord atasikia leo hii, atakuja au hatakuja, akija sijui nitaweka wapi uso, na sheria sijui iwe moja au mbili, mimi si mtu wa kuandika sheria, najua tu kwamba kwenye breki ileile mmoja alishusha mguu na mwingine hakuwa nao, hilo naweza kulisema, nilishona mimi, mara mbili, uzi mzito, naweza kusema hivyo, maneno machache tu, viganja vyangu viko juu ya dawati, magoti yamenasa chini yake, nainuka nusu, Prefe anasema ndiyo Papa, museme, tunawasikia, ananitabasamia kwa upole, ameshageuka nusu kuelekea ubaoni na chaki mkononi, anafikiri anajua nitakachosema, wote humu ndani wanafikiri wanajua, nami nilifikiri siri hii nimeibeba peke yangu, kumbe tuko wawili, yule mwenzangu huko Kongolo amejua siku zote, na ananingoja.